Dola 34 za "ugali na kamba": kwenye mkahawa wa nyumba ya kale Kusini mwa Marekani unalipia nini?

Binamu yangu anayeishi North Carolina alihitimu chuo majuzi, na wenzake wakamchukua kwa gari hadi Charleston, mji wa bandari wa South Carolina, wakamlishe chakula cha kumpongeza. Mkahawa wenyewe ulikuwa ndani ya nyumba ya zamani, yenye baraza refu la mbao na feni za dari zinazozunguka kama hazina haraka. Akapiga picha tatu, ya nyumba, ya sahani na ya bili, akazitupa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo kisha akalala.

Alipoamka alikuta vita. Ami yetu wa Kisauni alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: "DOLA 34 ZA UGALI NA KAMBA?" Mtu akaongeza kwamba pembeni ya sahani ile kuna sukuma wiki, na yeye sukuma wiki anaijua hata gizani. Kijana mmoja wa sekondari akauliza kwani binamu ameenda Brazil lini, si wamesema yuko Amerika Kusini? Na Shangazi, ambaye haandiki humo ila kwa jambo zito, akauliza swali moja tu: "Hiyo mboga haina nguruwe?"

Nimeishi huko miaka kadhaa na nimekula kwenye nyumba za namna hiyo, mara chache kwa mfuko wangu na mara nyingi kwa mfuko wa wengine. Nilianza kujibu kwa simu, kidole gumba kikachoka. Haya hapa majibu kwa urefu unaoyafaa.

Kusini ipi?

Kosa la kijana wetu linatokana na Kiswahili chenyewe. Amerika Kusini ni bara zima, lenye Brazil, Ajentina na Peru. Kusini mwa Marekani ni upande mmoja wa nchi moja: majimbo yanayoanzia Virginia, yakateremka na pwani ya Atlantiki hadi Florida, kisha yakaelekea magharibi mpaka Texas. Tena Mmarekani akisema "Kusini" hasemi habari za dira peke yake. Arizona iko kusini kabisa na hakuna anayeihesabu. Anazungumzia historia: majimbo 11 yaliyojitenga mwaka 1860 na 1861 ili kuulinda utumwa, yakapigana na serikali kuu na kushindwa mwaka 1865, pamoja na jirani zao waliofanana nao kwa desturi, kama Kentucky.

Na ndani ya Kusini hiyo hamna pishi moja, kama ambavyo huwezi kuutia urojo wa Unguja, biriani ya Mombasa na samaki wa kupaka wa Lamu kwenye bakuli moja ukaliita "chakula cha Pwani" ukadhani umeeleza kitu. Charleston na Savannah, iliyo Georgia mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, ziko kwenye ukanda wa pwani unaoitwa Lowcountry, yaani nchi ya bondeni: vinamasi, hori za maji ya chumvi, kamba, kaa, chaza na wali. New Orleans ni ulimwengu mwingine, wa Kifaransa, Kihispania na Kiafrika vilivyochanganyika, na huko ndiko unakosikia neno Krioli. Ukipanda milima ya Appalachia unakuta maharage, mahindi na nyama ya nguruwe ya kukaushwa.

Halafu kuna jina la tatu linalowachanganya hata Wamarekani wenyewe: soul food, chakula cha roho. Kati ya miaka ya 1910 na 1970 hivi, Wamarekani weusi wapatao milioni 6 waliihama Kusini kukimbia ubaguzi na umaskini, wakaenda Chicago, Detroit, New York na kwingineko. Walibeba mapishi ya kwao, na jina hilo likashika katika miaka ya 1960. Kwa hiyo sufuria ni ileile na mikono ni ileile. Kinacholibadilisha jina ni nani anakula, wapi, na kwa bei gani. Ukiniuliza mimi, tofauti ya soul food na "chakula cha Kusini" cha mkahawa wa kifahari mara nyingi ni kitambaa cha meza.

Wale wanaodhani chakula cha Kusini maana yake ni kuku wa KFC wana robo ya ukweli. Harland Sanders, mwanzilishi wa KFC, alianza biashara yake Corbin, Kentucky, hilo ni kweli. Lakini mkahawa wa kwanza kuuza kuku wake kwa mkataba wa jina ulikuwa Utah, mwaka 1952. Utah ni jangwa na milima ya magharibi. Hata Kusini haijui inaanzia wapi.

Ule si ugali, ila ami hakukosea sana

Kile cheupe kilicholala chini ya kamba kinaitwa grits. Ni mahindi makavu yaliyosagwa yakabaki chengachenga, yakapikwa polepole kwa maji au maziwa, chumvi na siagi. Ugali husongwa mpaka ukasimama wenyewe. Grits hukorogwa, na zikiwa zimeiva sawasawa zinapaswa kutambaa kidogo kwenye sahani. Mdomoni ziko karibu na bokoboko kuliko sima, isipokuwa unazihisi zile chenga. Asili yake ni kwa wenyeji wa kwanza wa nchi ile, mataifa kama Wamuskogee, waliokuwa wakisaga mahindi karne nyingi kabla Mzungu hajashusha nanga.

Sahani yenyewe, kamba juu ya grits, ilikuwa chakula cha asubuhi cha wavuvi na familia za pwani ya Charleston. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Menyu huandikwa kana kwamba mabwana wa karne ya 18 walikila usiku chini ya mishumaa. Chakula ni cha zamani kweli, lakini kama sahani ya mkahawa wa heshima kina umri wa kaka yangu mkubwa: mpishi Bill Neal alikitia kwenye menyu ya mkahawa wa Crook's Corner, Chapel Hill, North Carolina, miaka ya 1980, na gazeti la New York Times likaandika habari zake mwaka 1985. Baada ya hapo kila mji wa Kusini ukawa na cha kwake.

Ile mboga ndiyo hiyohiyo. Collards wa Marekani na sukuma wiki ya Kenya ni jamii moja ya kabichi isiyofunga kichwa, na mkulima wa Kiambu akitiwa kwenye bustani ya Georgia hatapotea. Tofauti iko jikoni. Sisi tunaikata nyembamba, tunaitupa kwenye kitunguu na nyanya, dakika kumi imeshuka. Wao wanaichemsha saa nzima na zaidi, mpaka inalainika na kuacha mchuzi wa kijani ulioiva ambao wana jina lake maalumu, potlikker, na huuchovya mkate wa mahindi. Na kinachotia ladha katika mchuzi huo, kwa desturi, ni mguu wa nguruwe uliotiwa moshi.

Shangazi, umesikia. Jibu ni kwamba kuna uwezekano mkubwa ilikuwa nayo. Na haiishii kwenye mboga. Maharage, kunde, wakati mwingine mkate wa mahindi, na mchuzi unaomiminwa juu ya wale kamba, vyote vinaweza kuwa na bekoni au mafuta ya nguruwe. Tahadhari ya pili: usimuulize mhudumu kama chakula kina "nyama". Atakwambia hakina, na hatakuwa amesema uongo kwa anavyojua yeye, maana ule mguu kwake ni kiungo, kama sisi tunavyohesabu kitunguu. Uliza kwa kutaja: je, humu kuna nguruwe, mafuta yake, au supu yake? Mikahawa ya daraja hili imezoea swali hilo, na mhudumu mwenye adabu ataingia jikoni kuuliza. Siku hizi wengi wanatumia bata mzinga wa moshi au hawatii nyama kabisa, kwa hiyo si lazima ulale njaa.

Jambo jingine lililozua mabishano ni ile kikapu ya mikate. Inaitwa biscuits, na mtu wa kwetu akisikia hivyo anangoja kitu kikavu cha kuchovya kwenye chai. Hapana. Ni mikate midogo minene, laini, yenye tabaka, inayoumuka kwa baking powder na maziwa mtindi, na huliwa moto na siagi au asali. Ukitaka kujua kama jikoni kuna mtu wa kweli, onja hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Majina yanayosikika kama ya nyumbani

Kwenye menyu za Charleston utakuta Hoppin' John. Ni wali wa kunde. Hupikwa hasa siku ya mwaka mpya, wakisema kunde ni sarafu, mboga za majani ni noti, na mkate wa mahindi ni dhahabu. Utakuta pia benne, nao ni ufuta, simsimu ya kwetu; jina wamelitoa katika lugha za Afrika Magharibi, na ndilo wanaloliita hadi leo hapo Charleston, wanapotengeneza vibiskuti vyembamba vinavyofanana na kashata iliyopondwa.

Ukienda Louisiana kuna gumbo, mchuzi mzito unaoliwa na wali. Neno hili wataalamu wa lugha hulirudisha kwenye lugha za Kibantu za Angola, ambako bamia ni ki-ngombo. Angalia hicho kiambishi mbele. Huhitaji profesa kukwambia ni cha jamaa zako. Na karanga Wamarekani wa Kusini huziita goober, kutoka Kikongo nguba. Msomaji wa Kinshasa anayesema Lingala, au wa Bukavu aliyezoea masoko ya lugha mbili, neno hilo hataliuliza mara mbili.

Maneno hayo hayakufika kwa barua. Inakadiriwa kwamba asilimia 40 hivi ya Waafrika walioletwa utumwani katika nchi iliyokuja kuwa Marekani waliteremshwa bandari ya Charleston. Kufikia mwaka 1708 hivi South Carolina ilikuwa na watu weusi wengi kuliko Wazungu. Penye gati la Gadsden, waliposhushwa wengi wao, leo pamejengwa jumba la makumbusho ya Waamerika weusi, lililofunguliwa Juni 2023. Wazao wao kwenye visiwa na pwani ya Lowcountry wanaitwa Wagullah au Wageechee, na wana lugha yao na mapishi yao, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kile kinachouzwa mjini kwa jina la jumla la "Kusini".

Mchele nao una hadithi. Utajiri wa mabwana wa Charleston ulitoka kwenye mpunga, na ujuzi wa kujenga matuta, kufungulia maji ya bamvua yaingie shambani na kuyafunga yasitoke, pamoja na kupepeta kwa ungo, ulikuja na watu wa pwani ya Afrika Magharibi waliolima mpunga vizazi na vizazi. Waliokuwa wakinunuliwa kama nguvu za mikono walikuwa mainjinia. Aina iliyopata sifa inaitwa Carolina Gold, kwa rangi ya dhahabu ya mashuke yake. Watumwa walipoachwa huru kilimo hicho kilianza kuporomoka, vimbunga vikamalizia, na mwanzoni mwa karne ya 20 kikafa kibiashara. Kilifufuliwa miaka ya 1980 na daktari wa macho wa Savannah aliyetaka kuvutia bata kwenye shamba lake la kuwindia. Leo mchele huo hulimwa kwa kiasi kidogo na huuzwa ghali, na ukiuona umetajwa kwa jina kwenye menyu, ujue sehemu ya dola zako imeenda huko.

Nyumba yenyewe

Sasa picha ya kwanza, ile iliyopendwa na kila mtu. Swali la kujiuliza ukisimama mbele ya nyumba kama hiyo ni moja: ilijengwa mwaka gani? Watu wetu hudhani kila nyumba ya kale ya Kusini ilikuwa ya shamba la watumwa. Nyingi zenye mikahawa ni nyumba za mjini. The Olde Pink House ya Savannah ilijengwa mwaka 1771 kwa ajili ya familia ya Habersham. Hiyo ni enzi ya utumwa bila shaka. Lakini Commander's Palace ya New Orleans na Husk ya Charleston zimo katika majengo ya mwishoni mwa karne ya 19, baada ya watumwa kuachwa huru, na Poogan's Porch, jirani ya Husk kwenye barabara ileile ya Queen, ni nyumba ya 1888 iliyopewa jina la mbwa aliyekataa kuhama wenyewe walipoiuza. Mwaka 1865 ndio mstari. Kabla ya hapo, karibu hakika nyuma ya nyumba palikuwa na watu waliomilikiwa. Baada ya hapo, jikoni aliingia mpishi mweusi yuleyule, safari hii kwa ujira mdogo.

Nyumba za Charleston zina umbo lao. Huitwa "single house" kwa sababu zina upana wa chumba kimoja. Zimeupa mtaa ubavu mwembamba, na mlango wa mbele hauingizi ndani ya nyumba: unakufikisha kwenye baraza refu la pembeni, nalo ndilo linalokuingiza. Aliyekulia Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu atalielewa jambo hili mara moja. Kwetu daka humpokea mgeni kabla hajaona ukumbi. Kwao baraza hilo lilikuwa la upepo na la heshima, mlango wa mtaani ukifungwa ni ishara kwamba wenyewe hawataki wageni. Dari la baraza mara nyingi limepakwa samawati hafifu, kwa imani ya Wagullah kwamba rangi hiyo huzuia mizimu. Mikahawa nayo haikosi kukusimulia mzimu wake. Mimi huwa nasikiliza kwa adabu na kuagiza.

Kitu ambacho nyumba haikuonyeshi ni jiko. Jiko la zamani halikuwa ndani. Lilikuwa jengo la peke yake uani, kwa kuogopa moto na joto, na juu ya jiko ndipo walipolala waliopika. Kwenye nyumba ya Aiken-Rhett, Charleston, ambayo sasa ni makumbusho, unaweza kuingia kwenye vyumba hivyo na kutazama ukuta uliobaki na masizi yake. Ukiketi ukumbini unakaa mahali palipokuwa pa waliohudumiwa, na unachokila kilibuniwa uani. Nat Fuller, mmoja wa wapishi waliosifiwa sana Charleston katikati ya karne ya 19, aliendesha mkahawa wake akiwa bado ni mali ya mtu kisheria. Mwaka 1865, vita vilipokwisha, aliandaa karamu akaketisha weusi na Wazungu meza moja, jambo ambalo mji ule haukuwa umeliona. Mikahawa mingi leo inaandika majina kama lake kwenye menyu au ukutani. Mingine bado imeandika jina la mwenye nyumba tu.

Kwa nini nyumba hizi zigeuke mikahawa badala ya kukaliwa? Sababu ni ya pesa. Charleston iliweka sheria ya kulinda mtaa wa kihistoria mwaka 1931, ya kwanza Marekani. Ukiwa na nyumba humo huwezi kubadilisha dirisha linaloonekana mtaani bila kuomba kibali kwa bodi, na paa la aina ya zamani lina fundi wake na bei yake. Familia ya kawaida hushindwa. Serikali kuu nayo hutoa unafuu wa kodi wa asilimia 20 ya gharama za kukarabati jengo la kihistoria, lakini kwa jengo linaloingiza mapato tu. Ukilikalia mwenyewe, hupati. Ukilipangisha au ukalifanya hoteli au mkahawa, unapata. Basi mwenye akili atafanya nini?

Hapa kuna uzushi mmoja wa kuutoa. Watu huamini kibati cha shaba mlangoni kinachosema nyumba imo kwenye Orodha ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, orodha iliyoanzishwa kwa sheria ya 1966, maana yake ni kwamba haiwezi kuguswa. Orodha hiyo peke yake haimzuii mwenye nyumba binafsi kuibomoa akitumia pesa zake. Kinachomfunga mikono ni sheria ya mji, kama ile ya 1931. Kibati ni cheti cha heshima, mithili ya kuwa na jina kwenye kitabu cha ukoo. Halikuzuii kuuza shamba.

Turudi kwenye 34

Hesabu ya kawaida ya biashara ya mikahawa ni kwamba vitu vinavyoingia kwenye sufuria huchukua kama theluthi moja ya bei ya sahani. Kwa hiyo katika zile dola 34, kamba, chenga za mahindi na siagi ni 11 hivi. Zilizobaki zinalipa wapishi, kodi ya pango ya mtaa wa kitalii, bima, fundi wa lile paa, na faida, ambayo katika biashara hii ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Jumba la kale hula zaidi: lina vyumba vidogo vidogo badala ya ukumbi mmoja, hivyo meza ni chache na wahudumu ni wengi, wakipanda na kushuka ngazi na sahani mikononi.

Na ile theluthi yenyewe imepanda tangu mwaka 2010, Husk ilipofunguliwa na mpishi wake wa kwanza, Sean Brock, kuweka sharti kwamba kitu kisichotoka Kusini hakiingii jikoni, hata mafuta ya zeituni yalipigwa marufuku. Wengi wakamwiga. Mahindi ya mbegu ya zamani yaliyosagwa kwa jiwe hayana bei ya unga wa pakiti. Nusu ya sharti hilo naliheshimu. Nusu nyingine, mtu akiniletea sahani yenye jina la mkulima wa karoti, huwa nahisi nalipia na uandishi.

Mambo ya mezani hayana ugumu. Weka nafasi mapema kwenye intaneti. Pengine watataka namba ya kadi, na usipotokea watakukata. Fika kwa saa uliyosema, dakika 15 za kuchelewa zinatosha kuipoteza meza. Usiingie ukajichagulia kiti, ngoja upelekwe. Suruali safi na shati la kola linatosha karibu kila mahali. Ukiomba "chai" utaletewa glasi ndefu ya barafu yenye sukari nyingi, hiyo ndiyo chai ya Kusini. Ukitaka ya moto sema ya moto. Kilichobaki omba ufungiwe, hakuna atakayekutazama vibaya. Na mwite mhudumu wa kike ma'am na wa kiume sir hata kama ni wadogo kwako. Kusini wanapenda adabu karibu kama sisi.

Ugumu uko kwenye bili. Bei ya menyu haina kodi ndani. Kodi huongezwa mwishoni, na kiasi chake hutegemea mji. Tuseme asilimia 10 kurahisisha hesabu. Kisha kuna bakshishi, na hapo ndipo watu wetu wanapojikwaa. Kwetu bakshishi ni hisani. Kule ndiyo mshahara. Sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, na Georgia na South Carolina zinakifuata. Bakshishi isipofikisha jumla ya dola 7.25 kwa saa, mwajiri anatakiwa afidie. Kwa hiyo asilimia 20 ni ya kawaida, 18 ni ya chini, na kuacha sarafu ni kama kumpokonya mtu tonge.

Nililijifunza hili kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilikula chakula cha dola 60, nikaacha dola 2 juu ya meza, nikainuka kifua mbele nikijiona mkarimu. Mwenyeji wangu, mzee wa Kitanga aliyekaa huko miaka 30, akasema amesahau miwani. Nilimwona kupitia dirishani akitoa noti na kuzibana chini ya kibakuli cha chumvi. Miwani ilikuwa usoni mwake.

Siku hizi wengi hulipa kwa kadi. Mhudumu huchukua kadi, huirudisha na karatasi mbili. Kwenye moja utakuta mstari mtupu wa bakshishi na mwingine wa jumla. Unaijaza mwenyewe kwa kalamu, unatia saini, unaiacha. Nyingine ni yako. Mkiwa sita na zaidi soma kwanza, kwani wengi huwa wameshaongeza malipo ya huduma, na usipoangalia utalipa mara mbili.

Basi dola 34, na kodi 3.40, na bakshishi 6.80: sahani ile ilimtoka binamu dola 44.20. Niliiandika hesabu hiyo kwenye grupu, pamoja na maelezo ya mchele, ya jiko la uani na ya yule mbwa. Ami akajibu kwa kidole gumba, ambacho kwake ni kukiri kushindwa. Kijana wa sekondari akauliza kama Utah nayo iko Amerika Kusini.

Shangazi alikaa kimya hadi baada ya Isha. Kisha akaandika kwamba amesoma yote, na swali lake ni moja.

"Huo wali wa kunde, wanautia nazi?"

Binamu akajibu kwamba hawatii.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Shangazi."

Akaonekana anaandika, akaacha, akaandika tena. "Haya. Mwambie huyo mpishi aje Kibokoni. Nitampikia bure."